Yule mama wa kwenye ukungu wa Salalah alijuaje kuwa mimi Mswahili?

#1 Pedali za Kigamboni
Wakuu, salamu. Nina swali linanisumbua tangu mwaka jana, ila lazima kwanza niwape kisa.

Mwishoni mwa Agosti niliendesha baiskeli kutoka Muscat hadi Salalah, kusini mwa Oman. Ni kilomita 1,000 na ushei, nilitumia siku 12. Nilipita ile njia ya bara: Nizwa, Adam, Haima, Thumrait, halafu Salalah. Ukishapita Adam hakuna cha kutazama. Nilikuwa naamka saa tisa usiku, napiga pedali mpaka saa tatu asubuhi, najificha kwenye msikiti wa kituo cha mafuta au ndani ya kalavati mpaka jua lipoe, narudi barabarani saa kumi na moja jioni. Maji lita 9 mpaka 10 kwa siku. Madereva wa malori walikuwa wananisimamishia kunipa chupa nyingine, Mungu awalipe. Na upepo ulikuwa unanipiga usoni kila siku. Gia ndogo kabisa kwenye ardhi tambarare kama meza!

Siku yenyewe ni ya mwisho. Nimetoka Thumrait alfajiri, imebaki kama kilomita 80 tu. Nikajua leo ni kuteremka kwenda kunywa dafu. Kumbe barabara inapanda kwanza. Saa tatu na kitu nimekaribia juu, karibu na mahali panaitwa Qairoon Hairiti, jua linanichoma shingo, mawe na vumbi, jani hakuna. Mbele nikaona kitu cheupe kimelala juu ya mlima. Nikadhani moshi. Nikaingia.

Wakuu, ndani ya kilomita moja au mbili nilikuwa nchi nyingine. Ukungu, manyunyu, nyasi za kijani mpaka ukingoni mwa lami, ngamia amelowa kama mbuzi wa masika. Mita ishirini mbele sioni. Jasho likageuka maji ya barafu mgongoni. Nikatetemeka mpaka vidole vikakataa kushika breki, na mbele yangu ndiyo kuna mteremko wa kwenda baharini. Nikashuka, nikailaza baiskeli, nikachuchumaa kwenye kingo ya barabara nimejifunika koti la mvua.

Gari likasimama. Kioo kikashuka. Mama mtu mzima, wa miaka sitini hivi, akaniambia kabla sijafungua mdomo: "Wee mwanangu, mbona umejikunyata hapo, huna baridi?"

Kwa Kiswahili. Kile cha Unguja kabisa.

Nikamjibu "shikamoo mama" kama niko Darajani. Akanimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, akanipa vitumbua vitatu vya moto. Mwanawe akasema nitangulie, akawasha taa za hatari, akanifuata nyuma polepole mteremko mzima ili malori yasinipitie juu. Ukungu ulipopungua tukiwa chini akapiga honi, akanipita. Sikuwaona tena.

Sikuwa na bendera. Sikuwa na jezi ya Taifa Stars. Sikuwa nimesema neno. Alijuaje?

#2 Mzee wa Kubishana
Chai. Tena ya tangawizi na vitumbua.

#3 Bi Mkunazini
Mie nakuamini. Salalah nishafika na kaka yangu, msimu huo wa ukungu wenyewe wanauita khareef. Ukiteremka mjini unakuta minazi, migomba, mapapai, madafu yanauzwa njiani kwenye vibanda. Nilikaa kwenye kibanda nikasahau kama sipo Bububu. Ila miaka yote nilidhani Salalah iko vile mwaka mzima, mpaka dereva akanicheka.

#4 Pedali za Kigamboni
Bi Mkunazini, hapo kwenye vibanda ndipo nilipolia kidogo. Muuzaji alidhani nimekosa chenji.

#5 Gurudumu la Makambako
Kwanza mkuu, Oman kwa baiskeli mwezi wa nane? Yale mashindano yao ya Tour of Oman hufanyika Februari, na wale ni watu wanaolipwa wana magari ya maji nyuma. Wewe ulitumwa na nani?

#6 Pedali za Kigamboni
Likizo haichagui. Nina ndugu Muscat, nikapata wiki tatu, nikafunga baiskeli kwenye boksi. Halafu nilitaka nifike khareef haijaisha, maana kalenda yao inahesabu kuanzia Juni 21 mpaka Septemba 21. Kilichonitesa siku mbili za kwanza siyo joto hata, ni kuendesha upande wa kulia. Kila mzunguko wa barabara nasoma dua.

#7 Nahodha Asiye na Jahazi
Tuache vitumbua kwanza. Ndugu yangu wewe umefanya kosa ambalo babu zetu wasingelifanya. Huo upepo uliokupiga usoni ni kusi. Ni hili hili kusi letu, linatoka huku chini, linapita pwani ya Kenya na Somalia, linakwenda kaskazini mashariki mpaka Arabuni. Ungeanza Salalah ukaenda Muscat, lingekusukuma mgongoni bure. Majahazi ya Unguja, Mombasa na Lamu yalikwenda huko na kusi, yakarudi na kaskazi. Wewe umekwenda kupigana nalo kilomita elfu kwa miguu miwili, na tanga huna!

#8 Gurudumu la Makambako
Hahaha, "na tanga huna". Kwa hiyo mwezi wa saba kusi likiwa kali ndiyo jahazi lilikuwa linafika Muscat haraka kuliko yote?

#9 Nahodha Asiye na Jahazi
Hapana. Hapo wengi wanakosea. Mwezi wa sita na wa saba kusi linakuwa kali mno, bahari ya huko juu inachafuka, wazee walikuwa hawathubutu. Waliwahi mwanzoni, Aprili na Mei, au wakangoja demani, yaani Agosti kwenda mbele linapolegea. Huyu bwana amekwenda wakati wa demani, na bado lilimvua kofia.

#10 Mwl. Jiografia Mstaafu
Nahodha amesema kweli ila hajamaliza. Kusi hilo hilo lililokupiga usoni ndilo lililotengeneza ukungu uliokutetemesha.

Likipita sambamba na pwani ya Dhofar, yaani mkoa wenye Salalah, linasukuma maji ya juu ya bahari yaende mbali na ufuko. Maji ya chini, ambayo ni ya baridi, yanapanda kuziba pengo. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo inapoa, inageuka ukungu na wingu la chini. Sasa juu ya wingu hilo kuna hewa ya moto na kavu ya jangwani, imekaa kama mfuniko wa sufuria. Ukungu unasukumwa mlimani, unajaa mpaka unagusa mfuniko, unaishia hapo. Ndiyo maana mstari ni mkali kiasi kile. Wewe ulikuwa unatembea juu ya mfuniko, ukadondokea ndani ya sufuria.

#11 Mpare wa Same
Mwalimu naheshimu, lakini mbona jambo jepesi tunalipa maneno mengi? Mlima unazuia mvua, basi. Mimi nimezaliwa Same, upande wetu ni mkonge na vumbi, ukipanda Shengena huko juu ni msitu na baridi. Mombo na Lushoto hivyo hivyo: dakika arobaini za gari unavua shati, unavaa sweta. Hakuna mfuniko wala sufuria.

#12 Mwl. Jiografia Mstaafu
Lushoto unapata baridi kwa sababu unapanda. Huyu alipata baridi akiwa pale pale juu, kabla hata hajateremka, na alipoteremka karibu mita 900 mpaka usawa wa bahari bado ilikuwa baridi na ukungu. Kwenu ukiteremka toka Lushoto kuja Mombo unavaa sweta?

#13 Mpare wa Same
Ngoja nitafakari. Lakini sijakubali.

#14 Kipepeo wa Marsabit
Wakenya tupo. Nimefanya kazi Marsabit miaka mitatu. Pande zote jangwa, Chalbi iko hapo chini, lakini msitu wa mlimani asubuhi unaamka na ukungu unadondoka kwenye majani kama mvua. Miti yenyewe inakamua maji kutoka hewani. Nadhani Salalah ni hivyo pia: miti ikikatwa, hata hiyo kijani itapungua. Kwa hivyo si upepo pekee, ni miti inashika maji.

Na hiyo maneno ya mama kujua lugha yako, swali langu ni moja: ulikuwa na leso?

#15 Bi Mkunazini
Kanga, dada. Leso ya kufutia kamasi.

#16 Kipepeo wa Marsabit
Mombasa ni leso, na tulivaa kabla hamjaipa jina lingine. Ajibu.

#17 Pedali za Kigamboni
Mmenishika pabaya. Kanga ilikuwepo. Mke wangu alinipa nijifunike usiku, nikaifungia begi la kwenye keria. Lakini siku hiyo niliizungushia mfuko wa nailoni kwa sababu ya vumbi.

#18 Bi Mkunazini
Jina lake?

#19 Pedali za Kigamboni
"Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki."

#20 Gurudumu la Makambako
Mkuu!!! Umebandika tangazo la kuomba msaada nyuma ya baiskeli halafu unauliza alijuaje?

#21 Mzee wa Kubishana
Mimi narudi kwenye chai yangu. Vitumbua vya moto. Thumrait iko kilomita ngapi nyuma? Nani anakaanga vitumbua jangwani? Na gari lilitoka upande gani? Kama lilitoka Salalah, kanga ya nyuma angeionaje?

#22 Pedali za Kigamboni
Lilitoka nyuma yangu, upande wa Thumrait, wanakwenda Salalah kupunga upepo kama Waomani wengi msimu ule. Vitumbua vilikuwa kwenye hotipoti, nilikiona kifuniko chekundu. "Vya moto" labda nimezidisha. Vuguvugu.

Nimekwenda kutazama picha niliyopiga siku hiyo alfajiri Thumrait. Mfuko wa nailoni umechanika pembeni. Pindo la kanga linaonekana kama kiganja. Jina halionekani.

#23 Bi Mkunazini
Pindo linatosha. Mwanamke aliyezaliwa Unguja anaijua kanga kwa pindo kama unavyomjua mtoto wako kwa kisogo.

#24 Pedali za Kigamboni
Kwenye ukungu wa mita ishirini? Na baiskeli niliilaza kwenye kingo, begi liko upande wa chini. Sidhani.

#25 Mtoto wa Ruwi
Assalaam alaykum. Niko Muscat, kwetu nyumbani tunazungumza Kiswahili mpaka leo. Babu alirudi kutoka Unguja miaka ya sabini, Sultani Qaboos alipowafungulia watu mlango. Wengi wetu tuko Muscat na huku bara na Sharqiyah, Salalah ni wachache, kwa hiyo huyo mama ni mgeni wa khareef kama ulivyosema.

Nakupa siri. Wazee wetu wakimwona Mwafrika yeyote barabarani wanamtupia Kiswahili kwanza. Yeyote. Bibi yangu amewasalimia Wasudani, Waethiopia na jamaa mmoja wa Senegali, wote wamemkodolea macho. Wewe umepata bahati kuwa wa kwanza kujibu. Hao waliokodoa macho hawaendi kufungua uzi.

#26 Mpare wa Same
Hii ndiyo hoja ya maana tangu uzi uanze. Mengine yote ni ukungu.

#27 Kipepeo wa Marsabit
Lakini Mtoto wa Ruwi, alisema "mwanangu". Mtu anayebahatisha si angesema "jambo" au "habari"? Yeye aliuliza baridi, na swali refu. Huyo alikuwa na uhakika.

#28 Mtoto wa Ruwi
Bibi yangu akianza hana fupi.

#29 Fundi Spoku
Nimesoma yote kimya. Nawauliza jambo jingine. Jioni ya kuamkia siku hiyo ulilala Thumrait. Mtu akiwa peke yake siku kumi na moja jangwani, akifika penye mtandao anafanya nini cha kwanza? Anapiga simu nyumbani. Ulipiga?

#30 Pedali za Kigamboni
Nilipiga. Kituo cha mafuta, usiku, nimekaa kwenye ngazi za duka. Nilizungumza na mke wangu karibu nusu saa, na mtandao ulikuwa mbovu, kwa hiyo nilikuwa napaza sauti.

#31 Fundi Spoku
Basi. Walikuwepo hapo wanajaza mafuta. Walikusikia, na baiskeli yenye begi wameiona. Kesho yake wakaikuta imelala kwenye ukungu. Alikuwa anaendeleza mazungumzo, hakuwa anabahatisha.

#32 Pedali za Kigamboni
Fundi umenisisimua, lakini hapana. Ilikuwa kama saa nne usiku. Kama walikuwa Thumrait usiku huo, Salalah ni saa moja tu kwa gari, wangekwenda wakalale. Kwa nini wangoje mpaka saa tatu asubuhi?

#33 Fundi Spoku
Kuteremka ule mlima usiku kwenye ukungu na familia ndani? Mimi ningelala Thumrait.

#34 Mzee wa Kubishana
Nyote mnazunguka mbuyu. Mlima wa ukungu, mwanamke asiyejulikana, vitumbua visivyopoa, gari linapotea. Kwetu Tanga mtoto wa miaka saba anajua hapo umelishwa na nani.

#35 Bi Mkunazini
Jini gani anawasha taa za hatari? Kaa na adabu yako.

#36 Mwl. Jiografia Mstaafu
Nikirejea kwa Kipepeo wa #14: miti kukamua ukungu ni kweli, inaongeza maji mengi ardhini kuliko manyunyu peke yake. Lakini miti haileti ukungu. Na aliyepita Wadi Dawkah, kabla ya ukungu, atakuwa ameona miti ya ubani. Ile inakaa upande mkavu, nyuma ya mlima, manyunyu hayaifikii. Bonde lile liko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000.

#37 Pedali za Kigamboni
Niliiona mwalimu. Nilitegemea miti mikubwa, nikakuta vichaka vya kama kimo changu au zaidi kidogo, magome yanabanduka kama karatasi. Nikakwangua kwa kucha, nikanusa: harusi ya shangazi. Nilinunua ubani wa hojari, ule wa daraja la juu, sokoni Salalah, mke wangu anaufukiza kwa kuhesabu punje.

#38 Nahodha Asiye na Jahazi
Mwalimu, maelezo yako yana tundu. Pwani ya Somalia nako kusi linapita sambamba, maji baridi yanapanda, wavuvi wa Ras Hafun wanajua. Mbona Somalia haina Salalah yake?

#39 Mwl. Jiografia Mstaafu
Swali zuri. Milima ya Dhofar imejipinda kama mwezi mchanga, imeikumbatia ile tambarare ya pwani, ikakabili upepo. Ukungu ukiingia hauna pa kutokea.

#40 Mpare wa Same
Yaani MLIMA. Asante mwalimu. Nilisema #11.

#41 Mtoto wa Ruwi
Wenyeji wana lao. Kule mlimani kuna kaburi la Nabii Ayub, aliyepewa chemchemi ya kujiosha akapona. Mzee mmoja aliniambia kijani chote kile ni baraka ya maji yale. Sikumletea habari za mfuniko wa sufuria.

#42 Gurudumu la Makambako
Mkuu Pedali, ulifika ile barabara ya kwenda Mirbat, ambayo gari likizimwa linapanda mlima lenyewe?

#43 Pedali za Kigamboni
Nilifika. Kuna magari yamepanga foleni kujaribu. Nikaweka baiskeli, nikainua miguu. Ilisogea kidogo, kisha nikaanguka. Siwezi kutoa ushahidi.

#44 Kipepeo wa Marsabit
Kama Kyamwilu, Machakos. Unamwaga maji unaona yanapanda. Wanasema ni macho yanadanganywa na mpangilio wa vilima. Mimi nilimwaga chupa mbili na bado sijui niamini macho au walimu.

#45 Fundi Spoku
Niulize la kazi: mteremko ule na manyunyu, breki za aina gani?

#46 Pedali za Kigamboni
Za diski, za waya. Pedi zilikuwa zimejaa vumbi la jangwa, zikilowa zilikuwa zinalia kama punda. Nilifika chini zimebaki kama karatasi. Gari la nyuma lilikuwa linanipa mwanga, kivuli changu kinatangulia kwenye ukungu, kikubwa kama nyumba. Kusema kweli nilikifuata hicho kivuli zaidi kuliko barabara.

#47 Bi Mkunazini
Na hukuuliza jina lake! Mtu kakulisha, kakusindikiza, hata jina?

#48 Pedali za Kigamboni
Nilikuwa na kitumbua mdomoni. Nikadhani tutaonana chini.

#49 Mtoto wa Ruwi
Sikiliza. Mama yangu mdogo alikwenda Salalah na mwanawe mwaka jana, Agosti au Septemba, na hasafiri bila hotipoti. Nitamuuliza Ijumaa. Gari lilikuwa rangi gani?

#50 Pedali za Kigamboni
Jeupe. Kubwa, jeupe.

#51 Mtoto wa Ruwi
Ndugu yangu, Oman nzima tuna magari makubwa meupe. Hotipoti je, mbali na kifuniko chekundu?

#52 Pedali za Kigamboni
Ina maua pembeni. Na mpini mmoja umevunjika.

#53 Mzee wa Kubishana
Nimekaa hapa nangoja Ijumaa.